Mama muuza omena hazunguki: kubuni mhusika wa katuni ya televisheni

SWALI: Habari zenu. Mimi ni msichana wa Manyatta, Kisumu, na nimekuwa nikichora tangu shule ya msingi. Studio moja inayotengeneza katuni ya watoto imenipa jaribio: nibuni mama muuza omena wa ufuo wa Dunga, mwenye karai kichwani. Nilichora picha moja, nikaipaka rangi kwa siku nne, nikaituma. Imerudi na maneno haya tu: "Hazunguki. Mapambo yamezidi. Kiwiko kitavunjika." Nina siku saba za kurekebisha. Wao hutumia Toon Boom Harmony, programu ya kutengeneza katuni, kwa mtindo wa vipande: mhusika hukatwa viungo vinavyochezeshwa kimoja kimoja. Mimi nina Krita, programu ya kuchorea, na tableti ndogo. Wanataka nini hasa? Na ile picha yangu niitupe?

JIBU: Dada, pole kwa siku nne hizo, lakini aliyekujibu amekuheshimu. Asiyekutaka huandika "asante" akanyamaza.

Ulichotuma ni picha. Wanachohitaji ni maelekezo, kwa sababu mama huyu atakatwa vipande, ataungwa na kuchezeshwa na watu ambao pengine hutawahi kukutana nao. Kila swali watakalojiuliza saa nne usiku, karatasi yako iwe imeshalijibu. Kipindi cha dakika 11, kwa fremu (picha moja moja za video) 24 kila sekunde, kina fremu 15,840. Hata mchoro mmoja ukikaa fremu mbili, kama ilivyo desturi, bado ni michoro 7,920. Kwa mtindo wa vipande hachorwi upya kila mara, ila kosa la kwenye karatasi litajirudia kila anapotokea.

Tuanze na "hazunguki". Mhusika wa televisheni huonyeshwa pande tano: mbele, robo tatu mbele (kati ya mbele na ubavu), ubavu, robo tatu nyuma, na mgongo. Zote zisimame kwenye karatasi moja juu ya mistari ileile ya mlalo: utosi, macho, kidevu, bega, kiwiko, kiuno, goti, unyayo. Mstari wa macho ukipanda kidogo tu kati ya mbele na ubavu, kila akigeuza kichwa ataonekana anaruka. Anza na robo tatu mbele, maana ndiyo pembe atakayokaa nayo muda mwingi, na ndiyo inayoumbua pua iliyobandikwa usoni bila umbo. Ukikwama, finyanga kichwa chake kwa udongo, ukubwa wa chungwa, ukizungushe mezani na kukichora. Ni kazi ya nusu saa inayookoa siku nzima.

Pima urefu kwa vichwa. Mtu mzima halisi ni kama vichwa saba na nusu. Katuni ya watoto kwa kawaida humshusha hadi vinne au vitano, na mtoto hadi vitatu hivi. Ukichagua vinne na nusu, andika kipimo hicho pembeni, na kisibadilike upande wowote.

Sasa mtego wenyewe. Wengi huchora ubavu mmoja kisha huugeuza kama kwenye kioo kupata wa pili. Mama wako amefunga leso kiunoni, fundo likiwa upande wa kushoto. Ukimgeuza, fundo linahamia kulia, na watoto ni mashahidi wakali kuliko mwongozaji yeyote. Ama uchore pande nane badala ya tano, ama ulete fundo katikati ya tumbo. Kwa siku saba, lilete katikati. Mkono ulioshika karai una shida hiyohiyo: usimwonyeshe hivyo kwenye mzunguko. Mikono yote miwili ishuke, imeachana na mwili kwa nyuzi 20 hadi 30, ili kwapa lionekane. Mikono ikigandana na nyonga, anayeunda vipande atabuni kwapa lake mwenyewe, na hutalipenda.

Karai nalo si sehemu ya mwili. Atalitua, litajaa, litapungua, siku moja litapinduka. Lichore kwenye karatasi ya vifaa likiwa limejaa, limefika nusu, na tupu, pamoja na ngata peke yake na gorogoro ya kupimia. Omena usiwachore mmoja mmoja: lundo liwe umbo moja la rangi ya fedha, na samaki sita au saba tu wachomoze ukingoni. Fikiria kamera pia. Skrini ni 16 kwa 9, pana na fupi. Karai refu lenye mlima wa omena likiongeza nusu ya kichwa juu yake, kila akionyeshwa kwa karibu mwongozaji atalazimika kukata karai au kuufanya uso uwe mdogo. Lifanye pana na la kina kifupi, lundo liwe chini. Na kwenye karatasi ya urefu, pale anaposimama na wahusika wenzake, aonekane mara mbili, na karai na bila karai, la sivyo atapitishwa chini ya mlango na watu wasiojua kwamba hapiti.

"Mapambo yamezidi" nadhani ni gauni la kitenge, shanga na matuta ya nywele. Si kwamba kitenge ni kibaya. Tatizo ni kwamba nguo inapojikunja ua linapaswa kujikunja nayo. Kipande cha mkono kikizunguka, maua ya mkononi huzunguka nacho na kukatika ghafla yanapokutana na ya begani. Ua linalogandishwa kwenye skrini nalo humfanya mama aonekane kama dirisha linalopita mbele ya kitambaa. Kwa hiyo weka maua pale pasipojikunja. Kifua na tumbo vipate maua makubwa matatu, kila moja likiwa na mahali pake katika kila upande. Mikono ya gauni iwe rangi moja tu iliyotoka ndani ya maua hayo. Leso ipate pindo nene moja na basi. Mistari myembamba iliyosongamana iepuke kabisa: ikisogea kwenye televisheni humetameta na kuumiza macho.

Matuta ya nywele ni mazuri kwa katuni kwa sababu yana hesabu. Amua ni saba, na yawe saba mbele, juu na nyuma. Onyesha mahali yanapoanzia na yanapokutana kisogoni. Chora kichwa kikitazamwa kutoka juu. Watu husahau pembe hiyo, halafu mama anainama kuosha sufuria na hakuna anayejua juu pakoje. Shanga 20 shingoni zigeuze ukanda mmoja wenye mafundo matano.

Pima hivi. Tuseme mchoro wako una urefu wa pikseli 2,160. Katika picha ya mbali, mama anaweza kuwa theluthi moja ya skrini ya pikseli 1,080, yaani 360. Umepungua mara sita. Mstari wako wa pikseli 4 sasa hautimizi hata pikseli moja, na utakuwa unatokea na kutoweka. Ili ubaki na pikseli 2 huko mbali, mstari mwembamba kuliko yote uwe 12. Kisha mjaze mweusi mwili mzima: kama kivuli hicho hakitofautiani na cha mama mwingine yeyote wa sokoni, rudi kwenye umbo, usiongeze pambo.

"Kiwiko kitavunjika" ni la kiufundi zaidi. Kwa mtindo wa vipande, mkono ni sehemu tatu angalau: mkono wa juu, kigasha na kiganja, kila kimoja kikizunguka kwenye nukta yake. Mkono wako nadhani unaanza mnene begani na kuchongoka hadi kiwikoni, kisha kigasha kinaanza kikiwa kinene tena. Ukikunjwa, pembe inachomoza nje na pengo linatokea ndani. Dawa ni duara: mwisho wa mkono wa juu na mwanzo wa kigasha viwe nusu duara zenye kipenyo kilekile, zimelaliana, na nukta ya kuzungukia iwe katikati kabisa ya duara. Nukta ikikaa ukingoni, kigasha kitatengana na mwenzake. Mstari wa nje unaokatiza kiungo hufichwa na kifaa cha Harmony kiitwacho Auto-Patch, lakini hufanya kazi vizuri pale tu rangi za vipande viwili zinapofanana, na hii ni sababu nyingine ya kutoweka ua kwenye kiwiko. Mkono wa gauni usiishie hasa kwenye kiwiko. Uishie juu yake au uvuke.

Kila kinachofichwa kimalizie. Shingo iendelee chini ya kidevu, mguu uendelee chini ya gauni hadi nyonga, kisogo kiwepo nyuma ya uso. Na kwa kuwa mama huyu anainua mkono kutwa, chora bega la pili la mkono ulioinuliwa. Bega la mkono ulioshuka likizungushwa nyuzi 150 huwa kama bawaba ya mlango. Viganja vinane vinatosha: wazi, ngumi, kinachoonyesha kidole, kinachoshika ukingo wa karai, kinachoshika gorogoro, kinachohesabu noti, kilicho kiunoni, na kile cha kusema "sasa wewe nawe!"

Hawakuomba maumbo ya midomo anapozungumza, lakini yapeleke. Chati nyingi zinazosambaa mtandaoni zimepangwa kwa sauti za Kiingereza. Kwa Kiswahili, silabi karibu zote huishia kwa irabu, basi a, e, i, o, u ndizo mabega ya kazi, kila moja na umbo lake. W huazima umbo la u. Ongeza midomo iliyofungwa kwa m, b, p. Meno ya juu kwenye mdomo wa chini kwa f, v. Ulimi katikati ya meno kwa th, dh. Na ulimi nyuma ya meno kwa l, n, t, d. Ni maumbo tisa. Andika na muda pembeni. Katika "mpunga", m ni silabi nzima, midomo ikae imefungwa kama fremu nne. Katika "mbuzi", mb ni pumzi moja, fremu mbili zinatosha. Anayechezesha asiyejua Kiswahili hawezi kulikisia hilo, na hapo ndipo midomo huanza kuchelewa nyuma ya sauti. Mama wa Dunga bila shaka atachomekea Dholuo, nayo ina th na dh zake, hivyo umbo la ulimi na meno usiliache. Nyuso za hisia ziwe sita hadi nane, na kope hatua tatu: wazi, nusu, zimefumba.

Rangi nitazipitia upesi, isipokuwa ngozi. Kosa la kawaida kwa ngozi nyeusi ni kupata kivuli kwa kuongeza nyeusi tupu. Uso unakuwa wa majivu. Peleka kivuli kwenye wekundu au zambarau. Mfano wa kuanzia, kwa misimbo ya rangi ya kompyuta: ngozi #5A3422, kivuli #3E2218, mstari #26130C. Mistari ya ndani ya uso, kama ya pua na shavu, isipoonekana tumia rangi nyepesi kuliko ngozi badala ya nyeusi. Meno na weupe wa macho visiwe vyeupe kabisa, #F2E9DC inatosha. Toa seti ya mchana, ya usiku na ya jioni, kwa sababu Dunga jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, na ziwa zima hugeuka kuwa shaba. Badilisha picha iwe ya kijivu, umweke mbele ya maji hayo: kama uso umezama, pandisha mwanga wa maji, ngozi yake usiiguse.

Faili: Krita huhifadhi PSD (faili la aina ya Photoshop), na Harmony huipokea leya kwa leya, yaani tabaka kwa tabaka za mchoro. Weka RGB ya biti 8, unganisha vichujio, vinyago na leya zenye hali maalum za kuchanganya kabla ya kuhifadhi, maana hizo ndizo hufika zimeharibika. Leya za vekta (michoro ya mistari inayokuzwa bila kuchakaa) zitageuka pikseli, usizitegemee. Majina yawe ya mpango mmoja, kwa mfano mama_mkono_juu_KS, ambapo KS ni kushoto kwake yeye, si kwako unayetazama. Liandike hilo kwenye ukurasa wa kwanza. Mtu akikuta leya iitwayo "Layer 47 nakala" hufunga faili na kwenda kunywa chai.

Kwa siku zako saba: mbili za mzunguko, moja ya viungo na viganja, moja ya nyuso na midomo, moja ya vifaa na urefu, moja ya rangi, na ya mwisho ya kumpa mtu mwingine faili amzungushe mama bila wewe kusema neno. Atakapokwama, hapo ndipo pa kurekebisha. Unapotuma, uliza kwa maandishi mama huyu ni wa nani iwapo watamtumia bila kukuajiri. Si utovu wa adabu.

Ile picha usiitupe. Iweke ukurasa wa mwisho, uiandike "hali na mwanga", na uhakikishe maua ya gauni ni yale matatu mapya, si yale ya zamani.