Taya la furu: limerithiwa au limezoeshwa?

Swali: Nimemaliza uzamivu wa sayansi ya uvuvi, naishi Igombe, Mwanza. Nimepima furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, wa Ghuba ya Mwanza niliowahifadhi kwenye fomalini: wanaokula konokono wana taya nene la kooni, yaani taya la pili la kusagia chakula. Nataka kuomba ufadhili wa utafiti wa baada ya uzamivu kuhusu jeni za taya hilo. Nianze kwa kusoma DNA yao?

Jibu: Hongera, Daktari. DNA isubiri kwanza. Fomalini huiharibu, lakini kuna tatizo kubwa zaidi: vipimo vyako havisemi kama taya limenenepa kwa kurithi au kwa kutafuna. Yupo furu wa ziwa letu, Astatoreochromis alluaudi, anayetufundisha tahadhari. Mwaka 1965 mtaalamu wa samaki Greenwood alionyesha kuwa waliokuzwa kwenye matangi bila konokono walikuwa na taya dogo na magego machache. Spishi ileile!

Kwa hiyo fuga. Chukua majike wanaoatamia mayai mdomoni, watoto wa kila mama uwagawe nusu kwa nusu: hawa konokono, wale chakula laini. Fanya hivyo kwa familia kadhaa na kwa spishi mbili. Spishi zikitofautiana hata kwa chakula kilekile, hapo una cha kurithi.

Kisha uliza tofauti inaanza lini. Hapa furu ni zawadi, maana mama hutunza mayai mdomoni. Unaweza kuyatoa taratibu ukayakuza kwenye chupa yenye maji yanayozunguka. Kila baada ya siku chache hifadhi viinitete vichache, uvitie rangi ya alsiani inayoonyesha gegedu kwa buluu na alizarini inayoonyesha mfupa kwa wekundu. Tofauti ikionekana kabla kinda hajala chochote, chakula hakina kesi ya kujibu.

Jeni zifuate hapo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walieleza walivyozalisha machotara wa spishi mbili za ziwa hili, mojawapo Pundamilia nyererei, iliyopewa jina la Mwalimu. Wakaifuata mistari ya ubavuni hadi jeni ya agrp2. Walipoizima kwa nyererei, ambaye kwa kawaida hana mistari ya kulala, ikajitokeza. Ushahidi wa namna hiyo ndio uahidi kwenye ombi lako, tena useme utaufikia kwa hatua zipi.

Kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kiombe mapema. Na kwenye bajeti weka jenereta: mimi nilipoteza kizazi kizima usiku mmoja umeme ulipokatika na pampu ya hewa ikasimama.