Diski inatetemeka, lakini kompyuta haiioni

SWALI: Habari fundi. Mimi hupiga picha na video za harusi, niko Umoja, Nairobi. Jumamosi iliyopita nilijenga kompyuta yangu upya: mothabodi, prosesa, RAM na pawa saplai, pamoja na SSD ya M.2, ile diski ndogo isiyozunguka inayochomekwa moja kwa moja kwenye mothabodi, ambayo nimewekea Windows 11. Kasha ni lile lile la zamani, na diski yangu ya 4TB sikuitoa mahali pake. Kompyuta inawaka na ina kasi ajabu, ila hiyo diski haionekani popote. Nikiigusa nahisi inatetemeka. Nimebadilisha kebo ya data, nimeweka Windows upya mara mbili, wapi. Jamaa mmoja, fundi wa barabara ya Luthuli, ameniambia kwa simu kwamba diski imekufa na niipeleke aitoe data. Humo ndani mna harusi za watu za miaka mitano. Nifanyeje?

JIBU: Usimpelekee mtu diski hiyo kwa sasa. Diski iliyokuwa nzima Ijumaa usiku, ikaja "kufa" Jumamosi ile ile mwenyewe alipobadilisha mothabodi, mara nyingi haijafa. Na anayetangaza kifo kwa simu bila kumwona mgonjwa, mwache asubiri. Mimi nashuku kitu kingine, na umekitaja mwenyewe: ile SSD ya M.2. Lakini kabla sijafika huko kuna jambo linalonitia wasiwasi zaidi.

Umesema pawa saplai ni mpya na diski haikutoka mahali pake. Je, na kebo ya stima inayoingia kwenye diski uliiacha hapo hapo? Kama pawa saplai yako ni ya zile ambazo kebo zake huchomoka pande zote mbili, kishawishi ni kikubwa: kebo za zamani zimeshapitishwa nyuma ya kasha, zimefungwa vizuri, za nini kuanza upya? Usiwashe tena mpaka uangalie. Upande wa diski, plagi ni ile ile kila mahali, ina pini 15. Upande wa pawa saplai hakuna kanuni yoyote. Kila kampuni hupanga nyaya zake ijuavyo, na hata modeli mbili za kampuni moja huenda zisilingane. Kebo itaingia bila kushikwa na kitu, halafu volti 12 zinafika pale ambapo diski ilikuwa inangoja 5.

Haya sikuyasoma kitabuni. Nilipokuwa bado mchanga katika kazi hii nilimjengea mteja mmoja wa Ngara kompyuta, nikaacha kebo za zamani kwa uvivu tu. Nilipowasha sikuona cheche wala moshi. Ilikuja harufu kama ya mfuniko wa plastiki uliosahauliwa juu ya jiko, kisha kimya. Diski nilimlipa. Hesabu za duka lake za miaka mitatu sikuwa na namna ya kuzilipa. Tangu siku hiyo, pawa saplai ikitoka, kebo zake zote zinatoka nayo, hata kama mteja amesimama mlangoni ana haraka.

Tukichukulia kwamba kebo zako ni zile zilizokuja ndani ya boksi la pawa saplai mpya, tuhakikishe huo mtetemo ni wa diski kweli. Kasha lenye feni tatu hutetemeka lote. Zima kompyuta, chomoa stima ukutani, toa diski uilaze juu ya kitabu kikubwa, lebo ikiangalia juu, chuma cha kasha kisiguse upande wa chini wenye saketi. Rudisha kebo zake mbili, weka vidole juu yake, washa. Diski isiyo na kasoro huanza kuzunguka taratibu, kasi inapanda kwa sekunde kadhaa, kisha inatulia na kubaki na mvumo mmoja laini. Kabla tu ya kutulia utasikia mkwaruzo mdogo, vichwa vinashika nafasi. Hiyo ni sauti ya afya. Ukisikia tak, tak, tak kwa mpigo ule ule, kisha inazima na kuanza tena, chomoa stima na usijaribu mara ya pili. Hapo ndipo unapohitaji wataalamu wa kuokoa data, na hata wao wasiwe wa kufungulia diski mezani kwa bisibisi. Vichwa vya diski huelea juu ya sahani kwa mwanya mdogo kuliko chembe ya vumbi, na vumbi la katikati ya mji unalijua. Na tafadhali, yale mambo ya kuweka diski kwenye friza usiyajaribu.

Sasa swali ambalo ulipaswa kujiuliza kabla ya kuweka Windows hata mara moja: ni nani haioni diski? Windows, au BIOS? BIOS ni programu iliyo ndani ya mothabodi yenyewe; huamka kwanza, ndiyo huhesabu vifaa vilivyochomekwa kabla Windows haijafungua macho. Kisichoonekana na BIOS kwa kawaida hakionekani na Windows, hata ukiiweka upya mara kumi. Washa kompyuta huku ukigonga Delete, au F2 kwenye bodi nyingine, utafute orodha ya vifaa vya kuhifadhia. Usiangalie orodha ya kuwashia kompyuta. Diski isiyo na Windows ndani yake inaweza kukosekana humo na isiwe na kasoro yoyote.

Kama namba ya modeli ya diski yako haimo, turudi kwa M.2. Mothabodi nyingi huwa na matundu manne au sita ya SATA, yale ambamo kebo za data za diski huchomekwa, lakini njia za kupitisha data ndani ya chipu ya bodi ni za kuhesabika. Kwa hiyo watengenezaji wengi hufanya njia moja itumiwe na wawili: ukichomeka SSD kwenye tundu fulani la M.2, tundu moja au mawili ya SATA yanazimwa. Hakuna taa wala onyo kwenye skrini. Tundu lipo, kebo inashika, stima inafika kwenye diski kwa kebo nyingine, ndiyo maana inazunguka na kutetemeka, lakini data haina pa kupita. Wewe ulibadilisha kebo, sawa, ila nadhani ulirudisha ile mpya kwenye tundu lile lile. Hilo ni kosa la karibu kila mtu.

Hamishia kebo kwenye tundu lililoandikwa SATA1, au SATA0 kama bodi yako inaanza kuhesabu na sifuri. Herufi ni ndogo, tumia tochi ya simu. Jaribu matundu yote, moja baada ya jingine, ukizima na kuchomoa stima kila mara. Ikigoma kote, chomoa ile SSD kwa muda, washa, uingie BIOS tu. Diski ikitokea, umempata mwizi. Hapo pakua kitabu cha maelekezo cha bodi kutoka tovuti ya aliyeitengeneza. Jina la modeli limechapwa kwenye bodi yenyewe, mara nyingi katikati ya matundu ya kadi. Ndani yake kuna jedwali linaloonyesha tundu gani la M.2 linazima SATA ipi. Bodi nyingine huzima pale tu SSD inapokuwa ya aina ya SATA, nyingine huzima hata kwa NVMe, ile aina yenye kasi zaidi, ndiyo sababu sikubahatishii bila kujua modeli.

Kama bodi uliinunua ikiwa imetumika, yule wa kwanza anaweza kuwa alizima matundu ndani ya BIOS. Utayaona hapo hapo kwenye mipangilio ya SATA. Washa linalohusika peke yake. Usikimbilie kurudisha mipangilio yote ya kiwandani kabla ya kupiga picha ilivyo sasa, kwa sababu hali ya AHCI au RAID, yaani namna bodi inavyozungumza na diski, ikigeuka, Windows yako mpya inaweza kukataa kuwaka, na utakuwa na matatizo mawili.

Najua kuna msomaji mwingine anauliza: yangu je, haitetemeki hata kidogo? Kama ni diski ya seva iliyotumika, hizi zinazouzwa mjini kwa bei tamu, huenda ina utaratibu wa kuzimwa kupitia pini ya tatu ya plagi ya stima. Pawa saplai ikipeleka volti 3.3 kwenye pini hiyo, diski inaelewa imeambiwa ilale. Mafundi huifunika pini hiyo kwa kipande cha tepu ya Kapton. Tepu ya kawaida ya umeme ni nene mno kwa kazi hiyo, usiitumie.

Sasa, BIOS ikiiona lakini Windows haiioni, kazi ni nyepesi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, gonga Enter. Ikiwa diski ipo ila haina herufi, ibofye kwa kitufe cha kulia cha mausi uipe. Ikiwa imeandikwa "Offline", igeuze iwe "Online". Ikiwa ina alama ya kufuli, ilikuwa imefungwa kwa BitLocker, na kuweka Windows upya kumefuta ile ruhusa ya kufunguka yenyewe. Tafuta ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Lakini kikijitokeza kidirisha kinachokuomba "Initialize Disk", gonga "Cancel". Kitakuwa na sura ya kusaidia. Kinachotaka kufanya ni kuandika jedwali jipya la migao mwanzoni mwa diski, juu ya lile linaloijua kila sehemu ya harusi zako. Na "Format" ndiyo usiiguse kabisa.

Ikishaonekana, nakili kwanza, kwenye diski nyingine, ukianza na harusi ambazo wenyewe hawajachukua. Vipimo ni baadaye. Halafu fungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, uangalie mistari mitatu: 05, C5 na C7. Mbili za kwanza zikiwa na kitu zaidi ya sifuri, uso wa diski umeanza kuchoka, nunua nyingine. C7 ikiwa peke yake imepanda, lawama ni ya kebo ya data.

Nitumie jina la modeli ya bodi na picha inayoonyesha SSD imekaa tundu gani. Nikiviona hivyo viwili nitakuambia uhamishie kebo wapi, na yule jamaa wa Luthuli hutahitaji kumpigia tena.