Mvulana abaki shule ya kibinafsi, msichana aende ya serikali?

SWALI: Shangazi, mimi ni mama wa watoto wawili na tunaishi Umoja, Nairobi. Nauza nguo za watoto katika soko la Gikomba, mume wangu ni dereva wa kampuni moja Industrial Area. Mvulana yuko Gredi ya 4 na msichana PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea, wote katika shule moja ya kibinafsi. Mkubwa analipiwa Sh28,000 kwa muhula, mdogo Sh24,000, na basi ni Sh6,000 kwa kila mmoja. Mwaka huu biashara imeanguka. Mvulana ametumwa nyumbani mara mbili kwa ajili ya karo, na mikopo ya simu imetushinda kulipa. Mume wangu anasema Januari wahamie shule ya serikali, mbona hata sisi tulisoma huko. Mimi naogopa. Nasikia darasa moja lina watoto sabini, wanaongea Sheng tu, na katika chama chetu cha kuweka akiba hakuna mwenye mtoto huko. Nilipendekeza mvulana abaki kwa kuwa ameshazoea, msichana ndiye aanze Gredi ya 1 shule ya serikali. Mume wangu amekataa kabisa na sasa hatuongei vizuri. Nifanyeje? Mama Wawili, Umoja.

JIBU: Mama Wawili, nianze na pendekezo lako, maana ndilo lililoninyima raha. Usiwatenganishe. Najua hukulitoa kwa ubaya. Ulitafuta namna ya kupunguza mzigo bila kumsumbua aliyezoea. Lakini hebu wawazie Jumatatu asubuhi: mmoja amevaa sweta yenye nembo anangoja basi langoni, mwenzake anashikwa mkono avushwe barabara kwenda kwingine. Mtoto wa miaka sita haelewi mikopo. Atakachoelewa ni kwamba pesa zilipokosekana, aliyepunguziwa ni yeye. Na kwa kuwa yeye ni msichana na aliyebakizwa ni mvulana, hapatakosa jamaa wa kulisema hilo mbele yake. Huniandikia wanawake ambao sasa wana watoto wao, na bado wanakumbuka ni nani kwao aliyelipiwa karo na ni nani aliyeambiwa avumilie. Waende wote au wabaki wote.

Na kwa hesabu uliyonipa, waende wote. Karo ya wawili ni Sh52,000, ukiongeza basi inakuwa Sh64,000 kwa muhula. Kwa mihula mitatu ni Sh192,000, na hapo hujanunua sare wala kitabu. Karo rasmi ya bweni katika shule za sekondari za kitaifa za umma ni Sh53,554 kwa mwaka. Yaani pesa mnazomaliza kwa mwaka mmoja wa Gredi ya 4 na PP2 zingetosha karo ya Gredi ya 10, 11 na 12 ya mtoto mmoja na nyingine zibaki. Huko mbele ndiko mtakakozihitaji, na huko mbele hamtafika salama mkiwa na deni la simu linalozaa kila mwezi.

Tena mvulana wako ameshajua. Mtoto aliyeitwa jina darasani, akafunga mkoba wenzake wakimtazama, akarudi nyumbani saa nne asubuhi, huwezi kumwambia kwamba mambo ni sawa. Siku hizo alizokosa masomo mlizilipia pia.

Sasa hofu yako ya darasa la watoto sabini. Ni ya kweli, na sitaipuuza ili ukubali upesi. Tangu elimu ya msingi iwe bila malipo mwaka 2003, watoto wameongezeka kuliko madarasa, na Eastlands ni miongoni mwa sehemu zinazobanwa zaidi. Katika darasa kama hilo mtoto mnyamavu anaweza kumaliza wiki nzima bila kuulizwa swali. Lakini shule za serikali hazifanani, hata zilizo mtaa mmoja, kwa hiyo usiamue kwa yanayosemwa kwenye kibanda chako Gikomba. Chagua mbili au tatu ambazo watoto wanaweza kufika kwa miguu, uende ukajionee.

Kabla hujaenda ofisini kwa mwalimu mkuu, mwombe jirani mwenye mtoto Gredi ya 4 au ya 5 katika shule hiyo akuazime daftari la Hisabati. Lifungue polepole. Tazama tarehe: kazi ipo kila siku, au kuna wiki mbili tupu katikati ya muhula? Tazama kalamu nyekundu: mwalimu amesahihisha hesabu moja moja, au ameweka alama moja kubwa ya vyema juu ya ukurasa wenye makosa? Mtoto alipokosea, kuna mahali alipofanya masahihisho na mwalimu akarudi kuyaangalia? Daftari hilo litakuambia mengi kuliko rangi ya lango. Fanya vivyo hivyo na daftari la mvulana wako mwenyewe, uone hizo Sh28,000 zinanunua nini. Huenda ukakuta zinanunua mwalimu mwema na makini. Huenda pia ukakuta zinanunua basi na sweta.

Ukifika shuleni, uliza vyoo viko vingapi na uombe kuviona, hasa vya wasichana. Uliza walimu wangapi wameajiriwa na TSC, tume ya serikali ya walimu, na wangapi wanalipwa na wazazi kupitia bodi ya shule. Uliza pia chakula. Tangu 2023 Kaunti ya Nairobi ina mpango wa Dishi na County, ambapo mzazi hulipa Sh5 kwa mlo na mtoto hugusisha mkanda wa mkononi kwenye mashine kabla ya kupakuliwa. Kwa mama anayetoka nyumbani alfajiri kwenda Gikomba, hilo si jambo dogo.

Usidhani hutaitishwa pesa. Utaitishwa. Ila jua sheria inakulinda: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza karo ya masomo katika shule za umma, na mtoto hafai kufukuzwa kwa kukosa michango mingine. Ukitoa chochote, dai risiti.

Mkiamua, msichelewe. Msichana anaingia Gredi ya 1, basi huo ni mwanzo mpya kwake hata hivyo. Mvulana anaingia Gredi ya 5, na huo ni wakati mzuri, maana tathmini ya KPSEA mwishoni mwa Gredi ya 6 huchangia asilimia 20 ya alama zinazotumiwa kumpangia sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi ya 12. Mkingoja hadi katikati ya Gredi ya 6 mtamvuruga. Akiwa shule ya serikali, Gredi ya 7 hadi ya 9 kwa kawaida ataendelea papo hapo. Nenda na vyeti vya kuzaliwa, na uhakikishe namba ya tathmini ambayo mvulana alipewa na KNEC, baraza la mitihani, imehamishwa pamoja naye. Deni la shule ya sasa msilikimbie. Mkubaliane kwa maandishi mtalipa kiasi gani kila mwezi, ili mtoto atoke na ripoti zake.

Kuhusu Sheng, atajifunza hata akibaki alipo, kwa sababu anaishi Umoja. Kinachomjengea mtoto Kiswahili na Kiingereza ni kusoma. Katika pesa mtakazookoa, tenga kidogo kila mwezi cha vitabu vya hadithi, na jioni kila mtoto awasomee ninyi kwa sauti. Usizimwage zote kwa masomo ya ziada ya Jumamosi.

Mume wako ana haki katika uamuzi huu, lakini kusema "hata sisi tulisoma huko" hakutoshi. Kwenye darasa kubwa mwalimu humkumbuka zaidi mtoto ambaye mzazi wake anamjua kwa sura. Basi mkubaliane nani atahudhuria mikutano ya wazazi na nani atakagua madaftari kila jioni. Usikubali yote mawili yawe yako.

Na wale wa chama? Wakiuliza, waambie watoto wamehamia shule ya karibu na nyumbani, kisha endelea na ajenda ya siku. Anayekupenda hatauliza mara ya pili, na huenda mmoja akakufuata pembeni akuulize ulipataje nafasi. Lililo zito zaidi ni utakavyowaambia watoto. Usilie mbele yao wala usiombe msamaha kana kwamba mnawapeleka kifungoni. Mwambie mvulana ukweli, kwamba pesa zimepungua na baba na mama wameamua pamoja. Mruhusu akasirike siku chache kwa ajili ya marafiki anaowaacha, na umtafutie namba za simu za wazazi wao.

Ila huwezi kusema "tumeamua pamoja" kama hamjaamua pamoja. Leo jioni mwambie mume wako kwamba lile pendekezo la kuwatenganisha umeliondoa, kisha umwombe achukue ruhusa ya siku moja kazini mkazione hizo shule mkiwa wawili.