Tuulizane: Kazi za kijani, mteja yuko wapi?

Haya jamani, mdomo wangu umeniponza. Toleo lililopita nilisema tu mwenye swali kuhusu hizi ajira za kijani anitumie, nikajua zitakuja mbili tatu, simu ikajaa mpaka ikawa inaganda. Sijajibu zote, zile zinazofanana nimechagua moja iwasemee wenzake. Na kabla hamjaniuliza tena "hivi ajira ya kijani ni nini hasa", ni kazi yoyote inayokuingizia hela bila kuharibu mazingira, au inayoyaponya kabisa, basi. Fundi sola yumo, mama anayeokota chupa za plastiki na kupeleka kwa mnunuzi naye yumo, sio lazima uwe na fulana ya mradi.

Shikamoo anti. Niko Mbagala Rangi Tatu, miaka 24, nimemaliza diploma na kazi hakuna. Nimeona kwenye simu watu wanatengeneza mkaa mbadala, ule wa kushindilia vumbi la mkaa na mabaki, wanasema wateja hawakosekani kwa sababu serikali imekataza kuni na mkaa. Nina laki nne na nusu na kuna jamaa anauza mashine ya mkono laki nne. Ninunue? Kijana wa Mbagala.

Marahaba mwanangu. Usinunue. Yaani hapo ulipo funga simu umwambie jamaa asubiri kwanza halafu urudi usome. Ukitoa laki nne unabaki na elfu hamsini, hiyo hamsini ndo inunue pipa, turubai, unga wa muhogo na nauli ya kufuata chenga za mkaa, mwezi wa pili mashine inageuka kigoda cha kukalia bibi akichambua mchicha. Nimeziona hizo mashine uani kwa watu, sio moja.

Twende kwenye hilo katazo maana ndo linawachanganya wengi. Ni kweli, taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilitakiwa ziache kuni na mkaa mwisho wa Januari 2024, na Mei mwaka huohuo ukazinduliwa mkakati wa nishati safi ya kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Sasa sikiliza, shule ikiacha kuni sio kwamba inakimbilia kwako, nyingine inakwenda zake kwenye gesi. Kwa hiyo pale shuleni unashindana na gesi, tena gesi ya kampuni yenye gari na fundi. Lakini muuza chipsi wa kituo cha daladala na mama ntilie wanakupima na mkaa wa kisado walionunua asubuhi. Mkaa wako ukiwaka muda mrefu kuliko ule wa kisado kwa hela ileile, umepata mteja, na huyo hahitaji barua wala zabuni. Mtafute kwanza. Watu watano wakubali kujaribu bure kilo mbili mbili, uwaulize baada ya siku tatu, na ukae hapohapo jikoni uangalie sufuria inachemka saa ngapi.

Kuanza huhitaji mashine. Kila muuza mkaa ana chenga zimebaki chini ya gunia, wengine wanazimwaga. Wewe tena uko Dar, nazi zinakunwa kila nyumba, vifuu vimejaa sokoni vinatupwa. Chukua pipa, toboa matundu chini, jaza vifuu, washa, vikishika moto vizuri funika na uzibe matundu kwa mchanga ili hewa isiingie, ukichelewa utakuta majivu. Vikipoa twanga, chekecha. Kisha pika uji mzito wa unga wa muhogo, kwa vumbi la kilo 20 unga kilo moja mpaka moja na nusu unatosha, changanya mpaka ukifinya kiganjani linashikana na maji hayachuruziki. Shindilia kwenye kipande cha bomba la maji kwa mti uliochongwa, sukuma utoke, anika. Kuna wanaojaza udongo ili kilo ziongezeke, usiwaige, mama ntilie akiona jiko limejaa majivu na wali haujaiva hakugombezi wala nini, anakuhama kimyakimya.

Kwenye kuanika ndo nataka nikukalishe chini, maana hapo mi mwenyewe niliumia. Tulikuwa watatu, uani kwangu, tukapata oda ya magunia kumi shule moja hivi, mwezi wa nne, masika imechachamaa. Nje mkaa unaonekana mkavu kabisa, tukapakia. Ndani kumbe bado mbichi. Mpishi alivyowasha jiko likatoa moshi utadhani lori bovu linapanda Kitonga, watoto wanakohoa, mwalimu mkuu ananipigia simu na mimi nasikia kikohozi chake pia. Magunia saba yalirudi na nauli ya kurudisha nikalipa mimi. Siwalaumu hata kidogo. Jua kali siku tatu mpaka tano, halafu chukua kimoja kiachie kutoka usawa wa kiuno kianguke sakafuni, kikipasuka rudisha wote juani. Vunja kimoja katikati uguse. Masika kama huna banda la kukaushia usichukue oda, uza ulioweka akiba kiangazi. Na waambie wateja ukweli, huu nao ni mkaa, usiwashwe chumba kilichofungwa, unaua kama ule mwingine.

Ukishauza miezi mitatu minne na daftari lako linasomeka, hapo ndo utafute mashine, na sio kwa akiba yako. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Ni ya vikundi, muone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Ila kikundi kiwe cha watu mnaojuana njaa zenu, vile vikundi vya kuunganishwa siku ya kujaza fomu vinavunjika siku hela ikiingia.

Habari dada. Sisi ni wa kijiji kimoja Pangani. Amekuja mgeni anasema mikoko yetu inanyonya kaboni na wazungu watatulipa, tusaini tu karatasi. Wazee wamegawanyika. Ni utapeli? Katibu wa kamati.

Nzuri kaka. Biashara yenyewe ipo, sio hadithi: miti inanyonya kaboni, ile hewa inayochangia joto la dunia, na wachafuzi wa mbali wanalipia ili isikatwe. Ila mtu wa "tusaini tu karatasi" mpe maji ya kunywa umsindikize barabarani.

Majirani zenu hapo ng'ambo ya mpaka, Gazi na Makongeni kaunti ya Kwale, wanafanya toka 2013, mradi unaitwa Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117 za mikoko, wanapanda palipokatwa, wanasayansi wanapima kaboni iliyozuiwa, halafu wanauza tani kama 3,000 kwa mwaka kwa wanunuzi wa nje. Hela haigawiwi mkononi, na ukipiga hesabu utaelewa kwa nini, ukigawa kichwa kwa kichwa kila mtu anapata ya sukari wiki mbili imeisha. Wanaiweka mfuko mmoja, kijiji kinakaa kinaamua, wakavuta maji, wakanunua vitabu vya shule. Na pembeni kinamama wa Gazi wana daraja lao la mbao linalopita katikati ya mikoko, mgeni analipa kutembea, akitoka anakuta wali wa nazi na samaki. Mi naona hilo daraja ndo akili kubwa, maana bei ya kaboni inapangwa huko mbali, lakini samaki anauzwa hapohapo.

Kwetu bara mfano ni vijiji vya wilaya ya Tanganyika kule Katavi, misitu ya miombo, vimepata hela za kaboni vikajenga madarasa na zahanati. Lakini angalia tofauti yenu na wao, ile ni misitu ya ardhi ya vijiji, ina mipango ya matumizi ya ardhi na mihutasari. Mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali, iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kwa hiyo kijiji peke yake hakiwezi kuuza kaboni ya mikoko hata mkisaini karatasi mia. Mnaweza kuingia makubaliano ya usimamizi wa pamoja na TFS, hapo ndo mlango. Na tangu 2022 kuna kanuni za biashara ya kaboni, mradi lazima upite serikalini, kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko chuo kikuu cha kilimo SUA, Morogoro. Mulizeni mgeni wenu amesajiliwa wapi, mkataba ni miaka mingapi, na asilimia ngapi inabaki kijijini. Mkataba uletwe kwa Kiswahili, usomwe mkutano mkuu, sio sebuleni kwa mwenyekiti. Akianza kukasirika mshajua.

Asalamu alaykum da. Mie nalima mwani Jambiani tokea nikiwa mwari, sasa nna wajukuu. Ule mwani wa aina ya kotoni wenye bei hautaki tena, unageuka mweupe unakatika, tumebaki na aina ya spinosamu na bei yake ndogo. Mwanangu ananambia niache nkauze urojo. Nifanyeje? Bi Mkubwa wa Jambiani.

Waalaykum salaam bibi, shikamoo. Wewe ndo ungenifundisha mimi, kilimo hiki kimeanza hapo kwenu Paje na Jambiani mwaka 1989 na sidhani kama kuna semina inakushinda. Ninachoweza kukwambia ni kwamba huko kugeuka mweupe sio mkono wako. Maji ya kina kifupi wakati wa bamvu, bahari ikikupwa sana, yanachemka na jua, kotoni hawezi joto, anadhoofika, ugonjwa unamuingia. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari hapo Unguja wamekuwa wakijaribu na wakulima kumpeleka maji ya kina kirefu, kwenye nyavu za mirija badala ya kamba na vigingi, huko anapona. Tatizo mnalijua nyie kuliko mimi, kina kirefu kinataka chombo na kinataka kuogelea, na kinamama wengi hamjafunzwa kuogelea. Kwa hiyo mradi wowote ukija na nyavu tu bila chombo na mafunzo ya kuogelea, waambieni wamesahau nusu ya mzigo.

Hela iliyo karibu iko kwenye huohuo spinosamu. Mwani mbichi kilo saba nane ukikauka unabaki kilo moja, sasa hiyo kilo ukianika mchangani inaokota mchanga na taka, mnunuzi anapata sababu ya kukukata bei. Anikeni juu ya chanja. Halafu msiuze wote mkavu, mnajua wenyewe wenzenu wanausaga wanatia kwenye sabuni ya mafuta ya nazi, kipande kimoja anachonunua mtalii kinazidi bei ya kilo kadhaa za mwani. Lakini sabuni ya duka la hoteli inataka alama ya ZBS, wale wa viwango Zanzibar, na karatasi ya kufungia inayovutia, hapo msiingie mmoja mmoja, kumi mchangie. Na ile kamba unayopewa na mnunuzi bure, si bure bibi, ndo inayomfanya apange bei peke yake. Nunueni kamba zenu taratibu, hata kumi kila bamvu.

Hapohapo Jambiani kuna kinamama wanafuga sponji za kuogea baharini, nenda kaangalie siku moja, kuangalia hakulipiwi. Urojo nao sio mbaya lakini, jioni, mwani ukishaanikwa. Mwanao hajakosea sana.

Mambo dada, nataka niache kazi niweke mizinga 100 ya nyuki kwetu Sikonge, wanasema asali haina hasara. Mfanyakazi wa Dodoma.

Poa. Hao waliosema hawajawahi kukaa na mzinga mtupu miezi sita. Nyuki hawaamrishwi, unapaka nta, unatundika, unangoja waje wenyewe. Weka mitano, kazini endelea. Mkoa wa Tabora una miombo na watu wa asali wa miaka mingi, tafuta mzee mmoja uvune naye msimu mmoja ushike moshi kwa mkono wako, uone kama unavumilia kuumwa. Nta usitupe, ina wanunuzi wake.

Dada, mimi ni mama wa watoto wanne sikumaliza darasa la saba, ufundi sola nitauweza au ni wa vijana? Kaskazini Unguja.

Utauweza. Kinyasini, mkoa huohuo wa kwako, kuna chuo kinachofundisha kinamama ufundi wa sola, wengi hata kusoma hawakujaliwa, wanafundishwa kwa rangi za nyaya na kwa mikono mpaka wanaunganisha taa za nyumba nzima na kurudi kuwashia vijiji vyao. Watoto wanne ndo kitu cha kupanga mapema, maana mafunzo ni ya miezi na unalala hukohuko. Anza kuongea na mama mkwe leo, kisha uende Kinyasini uulize wanaochaguliwa wanachaguliwaje, mara nyingi ni kijiji kinachopendekeza, kwa hiyo sheha wako ajue jina lako kabla ya hapo.