Kupima macho bure: usiondoke na namba ya miwani tu

Matangazo ya kupima macho bure huongezeka nyakati tatu za mwaka: wiki ya shinikizo la macho mwezi Machi, Siku ya Uoni Duniani ambayo ni Alhamisi ya pili ya Oktoba, na kuelekea Siku ya Kisukari, 14 Novemba. Katikati ya mwaka kuna kambi za misikiti, makanisa, klabu za kujitolea za Lions na hospitali zinazotafuta wagonjwa wa mtoto wa jicho, yaani lenzi ya jicho iliyoingia ukungu. Wengi wanaopanga foleni wanataka miwani. Wakisoma herufi mpaka mstari wa chini wanaambiwa macho mazima, wanarudi nyumbani. Hapo kipimo kimeishia nusu njia, maana magonjwa mawili yanayopofusha kimyakimya, shinikizo la macho na madhara ya kisukari, humwacha mtu akisoma herufi vizuri mpaka uharibifu umeshakuwa mkubwa.

Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka muda wote. Njia ya kutokea ikiziba taratibu, presha hupanda na kuikandamiza neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Kwa kawaida uoni wa pembeni ndio hutangulia kuondoka. Mtu anaanza kugonga fremu za milango, au bodaboda inamtokea ubavuni kama imeshuka mbinguni, na bado gazeti analisoma bila shida. Kilichopotea hakirudi kwa dawa wala kwa upasuaji. Matibabu hulinda kilichobaki. Hilo ndilo shinikizo la macho. Sisi Waafrika hutupata mapema na kwa ukali zaidi, na mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua yuko kwenye hatari kubwa kuliko jirani yake. Ukiwa na ndugu wa namna hiyo, mtaje mezani hata kama hujaulizwa.

Kambi iliyopangika huwa na vituo kadhaa. Cha kwanza ni bango la herufi, au la alama ya E inayogeuzwa pande nne kwa asiyejua kusoma. Makosa mengi hutokea hapa. Bango la mita 6 likitundikwa mita 4 kwa sababu ukumbi ni mdogo, kila mtu atafaulu. Angalia umbali ulioandikwa kwenye bango, kisha hesabu hatua. Jicho lizibwe kwa kiganja kilichokunjwa kidogo, bila kulibonyeza, maana jicho lililobonyezwa huona ukungu kwa muda likifika zamu yake. Na usisikilize aliye mbele yako akisoma, utakariri bila kujua. Majibu huandikwa kwa sehemu: 6/6 ni uoni wa kawaida, 6/60 maana yake unaona kwa mita 6 kile ambacho mwenye uoni wa kawaida anakiona kwa mita 60. Ukishindwa mistari ya chini, mpimaji akupe kibao chenye tundu dogo uchungulie. Ukiona vizuri zaidi kupitia tundu, mara nyingi tatizo ni la miwani. Usipopata nafuu, kuna jambo jingine ndani ya jicho, na miwani peke yake huenda isikusaidie.

Kituo cha presha ndicho kinachorukwa zaidi foleni ikiwa ndefu. Kiombe. Kiwango cha kawaida ni kati ya 10 na 21, kwa milimita za zebaki. Lakini namba hiyo haitoshi, kwa kuwa wapo wenye 16 ambao neva yao inakufa. Lazima mtu atazame nyuma ya jicho, kwa kifaa cha mkononi chenye taa au kwa kamera, aone kichwa cha neva kimechimbika kiasi gani. Hiyo nayo huandikwa kwa namba: 0.3 au 0.4 haitishi, 0.7 na kwenda juu, au jicho moja kupishana na jingine kwa 0.2, inataka uchunguzi wa hospitali. Swali la kumuuliza mpimaji ni fupi: "Neva yangu umeiona, na ni ngapi?" Akisema hajaiona, basi bado hujapimwa shinikizo la macho.

Mwenye kisukari anahitaji zaidi ya hapo. Anawekewa matone ya kupanua mboni, anasubiri kama nusu saa, ndipo retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ionekane mpaka pembeni. Matone hayo huleta ukungu wa karibu na kuumizwa na mwanga kwa saa nne hadi sita. Njoo na kofia au miwani ya jua, na kama unaendesha pikipiki au gari, mwachie mtu mwingine siku hiyo. Mwenye kisukari aina ya pili hupimwa hivi mara tu anapogundulika, maana sukari huenda ilikuwa juu miaka mingi kabla, kisha kila mwaka hata kama anaona vizuri. Na asikate miwani wakati sukari inapanda na kushuka. Sukari ikiwa juu lenzi ya jicho hubadilika, na miwani ya leo itakuwa haifai sukari ikishatulia baada ya wiki kadhaa.

Nje ya kambi, njia ya kudumu kwa Tanzania ni hospitali ya umma. Sera ya afya inawasamehe gharama wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, pamoja na watoto chini ya miaka 5. Mzee aende na kitambulisho cha msamaha, au barua ya serikali ya mtaa au kijiji, na apitie ustawi wa jamii kabla ya dirisha la malipo. Akishalipa, kurudishiwa ni shughuli nyingine. Popote unapokwenda, beba miwani ya zamani, dawa zote unazotumia na karatasi za vipimo vilivyopita. Daktari akiwa na namba za mwaka jana atajua kama neva inabadilika. Bila hizo anaanza upya.

Miwani ya kusomea haina siri. Kuanzia kama miaka 40 lenzi ya jicho hukakamaa: wengi huanza na lenzi ya nguvu ya +1.00, wakifika 50 wako karibu na +2.00. Ya bei rahisi haiharibu macho. Cha kuangalia ni mzee aliyekuwa akiitegemea, ghafla akaitupa na kusoma bila miwani huku mbali kunafifia. Familia hushangilia, kumbe mara nyingi ni mtoto wa jicho anakomaa. Mashine inayotoa namba kwenye karatasi nayo ni mwanzo tu; namba lazima ijaribiwe usoni kwa lenzi kabla ya miwani kukatwa.

Jicho jekundu lisisubiri kambi. Matone yenye dexamethasone, dawa ya kutuliza uvimbe, yaliyonunuliwa duka la dawa huondoa wekundu haraka, ndiyo maana yanapendwa, lakini yakitumika miezi hupandisha presha na kuleta mtoto wa jicho, na kama kuna kidonda cha fangasi huyalisha maradhi. Kutia jichoni maziwa ya mama au majani ya kukamua tusikujadili, hakufai.

Kwa mtoto, mboni inayong'aa nyeupe kwenye picha au gizani, au makengeza yasiyoondoka, ni safari ya wiki hii. Weupe huo unaweza kuwa saratani ya jicho. Wengine wapimwe kabla ya kuanza shule, maana jicho lisiloona vizuri likikaa mpaka miaka saba au minane, ubongo huzoea kulipuuza na miwani ya baadaye hairekebishi yote. Mtu mzima asiye na tatizo apime kila miaka miwili akishafika 40, na kila mwaka akishapita 60 au akiwa na ndugu mwenye shinikizo la macho.

Ukipewa rufaa ya upasuaji wa mtoto wa jicho, usiondoke mezani bila majibu ya maswali manne: hospitali gani na tarehe ipi, nauli ya mgonjwa na msindikizaji ni ya nani, lenzi ya kupandikizwa imo kwenye hiyo "bure" au inalipiwa, na kesho yake nani atafungua bandeji na kupima tena.