Bendera ya Taifa na Magari ya Kampuni: Ushauri kwa Wasimamizi wa Usafiri

Kila mwaka Sikukuu ya Jamhuri inapokaribia, wachuuzi wanaotembea katikati ya foleni za magari jijini Nairobi huweka kando chaja na miwani ya jua, wakaanza kuuza bendera za Kenya za kila ukubwa. Kwangu mimi, ambaye kazi yangu ni kusimamia malori na magari madogo ya kampuni ya kusambaza bidhaa, huo ndio msimu wa maombi ya aina moja. Mkurugenzi hutaka kila gari litoke na bendera, idara ya mauzo hutaka picha ya bendera ibandikwe mlangoni karibu na nembo ya kampuni, na madereva huwa tayari wameshachanga fedha na kununua zile ndogo za kuchomeka dirishani. Wote hao wana nia njema na wanaipenda nchi yao. Hata hivyo, jibu langu limekuwa moja, na ninawashauri wenzangu wote wanaoshika kazi hii wawe na jibu hilohilo: bendera ya taifa haina nafasi juu ya gari la biashara, na kampuni inayotaka kuienzi iuhudumie vizuri mlingoti ulio mbele ya ofisi yake.

Tuanze na sheria, kwa kuwa ndiyo inayosahaulika kwanza. Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, ambayo ni Sura ya 99 ya Sheria za Kenya, ilifanyiwa marekebisho mwaka 2014, wakati ambapo baadhi ya magavana wa kwanza waliochaguliwa chini ya Katiba ya 2010 walikuwa wakipeperusha bendera ya taifa kwenye magari yao. Marekebisho hayo yalimkataza mtu yeyote kupeperusha bendera ya taifa kwenye gari, isipokuwa viongozi wachache wa ngazi ya juu, miongoni mwao Rais, Naibu wa Rais, Jaji Mkuu, mawaziri, na maspika wa Bunge la Taifa na Seneti. Anayevunja katazo hilo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kufungwa jela kwa muda usiozidi miaka 5, au kupewa adhabu zote mbili. Ikiwa gavana aliyechaguliwa na kaunti nzima hana ruhusa hiyo, lori la unga litaipata wapi?

Sababu ya katazo hilo inaeleweka vizuri ukilitazama gari la waziri likiwa limeegeshwa. Kwenye pembe ya mbele pana kijiti cha chuma kilichosimama wima, na bendera yenyewe imefunikwa kwa kifuko kinachoibana. Waziri anapoingia garini, dereva hukivua kifuko, na anaposhuka, hukirudisha. Bendera ya garini, kwa hiyo, ni tangazo kwa kila aliye barabarani kwamba mtu mwenye dhamana fulani ya dola yumo ndani kwa wakati huo, na gari hilohilo likienda gereji bila yeye halina haki ya kuionyesha. Dereva mmoja wa kampuni jirani alisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi katika Barabara ya Mombasa, kijibendera kikiwa kimefungwa kwenye kioo cha pembeni. Afisa hakuuliza leseni wala bima kwanza. Aliuliza, "Dereva, umembeba nani?" Dereva akajibu, "Ni unga tu, afande." Aliambiwa aishushe, aikunje na kuiweka ndani, akaruhusiwa kuendelea. Afisa yule alikuwa muungwana, lakini swali lake lilikuwa la haki kabisa, na dereva wa kampuni hapaswi kuwekwa mahali pa kulijibu.

Hata tukiiweka sheria kando, kitambaa chenyewe hakistahimili barabara. Bendera nyingi za foleni ni kitambaa chepesi kilichochapishwa upande mmoja, hakina pindo lililoshonwa mara mbili, na ngao ya katikati mara nyingi imechapishwa ikiwa imepinda. Ifunge bendera ya namna hiyo kwenye lori linalotoka Nairobi kwenda Mombasa, uitazame likifika Mtito Andei. Ukingo wa nje huwa umeanza kufumuka nyuzi, mstari wa kijani wa chini umechanika kuelekea katikati, na ule weupe unaotenganisha rangi umekuwa wa kahawia kwa vumbi na moshi wa dizeli. Baada ya majuma machache ya jua, wekundu huelekea kuwa waridi. Wekundu huo unasimamia damu iliyomwagika katika kupigania uhuru, na mimi siwezi kuona sawa kuuacha upauke juu ya kioo cha lori kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuuondoa sikukuu ilipokwisha. Hapo ndipo kosa kubwa hutokea: siku ya kuiweka bendera kila mtu hujitokeza, ila siku ya kuiondoa haina mwenyewe.

Watu wengi hudhani kwamba stika ni njia ya kukwepa tatizo, kwa kuwa haipeperuki. Lakini Sura ya 99 inakataza pia kutumia bendera ya taifa kuendeleza au kutangaza biashara bila idhini ya serikali ya maandishi, na picha ya bendera iliyobandikwa kando ya nembo ya kampuni, juu ya namba ya simu ya oda, ni vigumu kuieleza kuwa kitu kingine. Ikiwa kampuni yako inaona ina sababu ya kweli ya kuitumia, andika barua, omba idhini, usubiri jibu, na nakala ya idhini hiyo ikae ndani ya kila gari pamoja na bima. Ukishaipata, simamia uchapishaji wewe mwenyewe, kwa maana wachapishaji wa stika hukosea mambo yaleyale kila mara. Nyeusi hukaa juu na kijani hukaa chini. Mistari ya nyeusi, nyekundu na kijani ina upana ulio sawa, na ile myeupe ni myembamba, moja kwa sita ya hiyo mikubwa. Bendera nzima huwa na kimo cha sehemu 2 kwa urefu wa sehemu 3, na mikuki miwili hupishana nyuma ya ngao huku ncha zikielekea juu. Ukiwa na mashaka, fungua Jedwali la Pili la Katiba, ambamo mchoro wake umechapishwa, umpe mchapishaji mchoro huo badala ya picha iliyookotwa mtandaoni. Kisha chagua sehemu ya bodi iliyo bapa. Nimeona ngao iliyokatwa katikati na mkono wa mlango, na nimeona bendera imechapishwa kwenye mpira wa kuzuia matope nyuma ya gurudumu, ambapo kila mvua inaponyesha tope huifikia kwanza. Hiyo ya pili iliniuma sana.

Jambo moja huwatuliza wakurugenzi ninapolitaja. Namba za magari za muundo mpya, zilizoanza kutolewa mwaka 2022, zina picha ndogo ya bendera ya Kenya juu ya bamba lenyewe. Gari lenye namba hizo tayari linabeba bendera kwa utaratibu uliowekwa na serikali, na linachohitaji ni bamba lioshwe na lisipindwe. Kwa magari yanayovuka mpaka wa Namanga au Malaba, kinachohitajika kutambulisha nchi ni alama ya EAK katika umbo la yai nyuma ya gari. Bendera haihitajiki, na ukivuka kuingia Tanzania unaingia chini ya sheria nyingine ya bendera na nembo ya taifa ambayo dereva wako huenda haijui. Waendeshaji wa magari ya watalii wakiombwa na wageni wafunge bendera ya nchi ya wageni hao kwenye gari, ninawashauri wakatae kwa upole, maana gari lenye bendera ya kigeni hudhaniwa kuwa la ubalozi.

Madereva nao wapewe kitu cha kuonyesha mapenzi yao. Sisi huwanunulia bangili za shanga zenye rangi za bendera, zile zinazoshonwa kwa mkono na kuuzwa katika masoko ya vinyago, na karibu kila dereva na utingo huvaa yake mwaka mzima. Wakati wa mashindano ya CHAN yaliyoandaliwa kwa pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda mwezi Agosti 2025, wafanyakazi waliopelekwa Kasarani kwa basi la kampuni walikuwa na bendera zao mikononi, wakaambiwa wazikunje basi likiwa mwendoni na wazikunjue wakifika uwanjani. Hakuna aliyeona amenyimwa kitu.

Sasa nirudi kwenye mlingoti, kwa kuwa huko ndiko juhudi ya kampuni inakostahili kwenda. Bendera hupandishwa saa kumi na mbili asubuhi na kushushwa saa kumi na mbili jioni, na kwa bahati njema hizo ndizo saa ambazo walinzi katika kampuni nyingi hupokezana zamu. Tumia nafasi hiyo. Panapokuwa na mlinzi anayetoka na mlinzi anayeingia, wapo watu wawili: mmoja huvuta kamba na mwingine huipokea bendera mikononi ili isiguse ardhi, kisha huikunja wakisaidiana. Mlinzi akiachwa peke yake, hata awe na heshima kiasi gani, upepo wa jioni utamshinda. Wafundishwe kwa vitendo, kamba na kapi zikaguliwe, na ndani ya chumba cha walinzi pawe na rafu safi ya bendera peke yake, mbali na tochi, koti la mvua na chupa ya chai. Bendera ya kampuni, kama ipo, iwe na mlingoti wake, na mlingoti huo usiupite kimo ule wa taifa.

Kuna siku ambazo walinzi wanahitaji maelekezo kutoka kwako mapema. Rais anapotangaza maombolezo ya kitaifa, kama ilivyokuwa alipofariki Rais mstaafu Daniel arap Moi Februari 2020 na alipofariki Rais mstaafu Mwai Kibaki Aprili 2022, bendera hupeperushwa nusu mlingoti. Wengi huivuta hadi katikati na kuifunga hapo. Utaratibu ni kuipandisha kwanza hadi kileleni, kisha kuishusha taratibu hadi nusu, na jioni kuipandisha tena hadi kileleni kabla ya kuishusha kabisa. Andika hatua hizo kwenye karatasi, uibandike ndani ya mlango wa chumba cha walinzi, kwa sababu tangazo linaweza kutolewa usiku na wewe ukawa mbali.

Madereva pia wana sehemu yao katika hili. Gari la kampuni likipita mbele ya kituo cha polisi au kambi ya chifu bendera inapopandishwa au kushushwa, dereva asimame mahali salama, azime redio, asubiri hadi filimbi ya kuruhusu watu kuendelea ipulizwe. Vijana wengi walioajiriwa miaka ya karibuni hawakulelewa na desturi hiyo, na wengine hupiga honi kumhimiza aliyesimama mbele yao. Mimi hulieleza jambo hili siku ya kwanza ya kazi, pamoja na mambo ya mwendo na mkanda wa usalama, na ninaliona kuwa heshima kubwa kwa bendera kuliko kitambaa chochote ambacho dereva huyo angefunga kwenye kioo.

Bendera iliyochakaa isitupwe kwenye pipa wala kugeuzwa kitambaa cha kupangusia vioo. Sisi huikunja na kuiteketeza faraghani nyuma ya ofisi, akiwepo mkuu wa walinzi. Nayo magari yaliyo na stika ya bendera yana mwisho wake unaohitaji uangalizi. Niliwahi kuona pikapu iliyouzwa na kampuni fulani ikibeba mbolea ya ng'ombe barabarani, stika ya bendera ikiwa bado mlangoni, imebanduka nusu na kushika uchafu. Katika orodha yetu ya ukaguzi wa gari linalopelekwa mnadani, kuondoa stika zote huja kabla ya kung'oa kifaa cha kufuatilia mwendo wa gari, na fundi hutia sahihi mbele ya kila kipengele kabla ufunguo haujatoka ofisini.