Mradi wa sola jangwani: yaangalieni haya kabla tingatinga halijaingia

Ndugu, umesema kampuni imekuja kijijini kwenu ikitaka ekari 600 za malisho ijenge mitambo ya sola, na wajumbe wake wamewaambia wazee kwamba hapa ni jangwa, hakuna cha kuharibika. Ukaomba waliowahi kufanya kazi kwenye miradi hii waseme ni nini cha kuangalia. Nilikuwa afisa mazingira msaidizi wa mkandarasi kwenye mradi wa namna hiyo kaskazini mwa Kenya kwa karibu miaka 3, kuanzia kupigwa vigingi hadi umeme ulipoanza kutoka. Jina la mradi nitaliacha.

Nitangulize kwamba mimi nautaka umeme wa jua. Nimesoma kwa kibatari mpaka darasa la nane, najua giza lina gharama gani. Lakini paneli zenyewe hazina ubaya mwingi. Madhara makubwa hufanyika kabla hata moja haijafungwa, wiki zile za mwanzo ambapo tingatinga na greda zinasafisha eneo, na kwa kawaida wanakijiji huanza kuuliza maswali wakati kazi hiyo imeshakwisha.

Wiki yangu ya pili, mzee mmoja mfugaji wa ngamia alinishika mkono tukatoka nje kidogo ya vigingi. Akachutama, akachomeka ncha ya kisu ardhini, akabandua kipande cha udongo kama mtu anavyobandua ukoko wa wali. Akakigeuza. Upande wa chini kulikuwa na vijinyuzi vyembamba, na punje za mchanga zimening'inia humo kama shanga. "Hiki ndicho kinachoshika nchi," akaniambia. Vijinyuzi vile ni viumbe hai, jamii ya bakteria na kuvu, vinavyolala wakati wa ukame na kuamka mvua ikinyesha. Ndivyo vinavyozuia upepo usibebe udongo. Vikishavunjwa huchukua miaka mingi sana kurudi, mahali pengine makumi ya miaka.

Siku nne baadaye greda ilipita palepale. Niliandika kwenye ripoti, fomeni akasaini, kazi ikaendelea, kwa sababu mkandarasi alikuwa analipwa kwa hekta zilizosawazishwa.

Tulipomaliza kufunga paneli, kila alasiri upepo ukianza vumbi lilikuwa linanyanyuka ndani ya uzio wetu wenyewe na kutua juu ya vioo. Umeme ukashuka. Ikabidi tuoshe. Kila mara tulipoosha yaliingia maboza mawili ya lita 10,000, na maji yalitoka kwenye kisima kirefu kilekile wanachonyweshea mifugo. Ngamia mwenye kiu kali hunywa kiasi cha lita 100 kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo kila tulipoosha tulitumia maji ya ngamia 200. Kina mama wenye punda walikuwa wanasimama foleni wakiangalia boza likijazwa kwanza. Sijalisahau hilo, na silitetei.

Kipande cha mwisho cha mradi kilinifunza zaidi ya ripoti zote. Greda iliharibika, muda ukawa umekwisha, wakaamua kupigilia nguzo moja kwa moja kwenye ardhi isiyokwanguliwa. Vichaka vilikatwa usawa wa kifundo cha mguu, mizizi ikabaki. Mvua zilipokuja nyasi ziliota chini ya paneli kwa wingi kuliko nje, maana kivuli kilitunza unyevu. Safu zile zilikuwa zinahitaji kuoshwa mara chache kuliko nyingine, na baadaye walinzi waliruhusu mbuzi waingie kupunguza nyasi. Basi hilo liwe sharti lenu la kwanza kwa maandishi: hakuna kukwangua eneo lote, nguzo zipigiliwe kwenye ardhi ilivyo, magari yafuate njia moja. Mhandisi akiwaambia haiwezekani, mwambieni awaoneshe ni mteremko upi hasa unaomshinda.

Kuhusu maji, ulizeni kwanza ni teknolojia gani. Paneli za kawaida hazihitaji maji ya kupoza, ni ya kuoshea tu. Mitambo ya vioo vinavyokusanya joto la jua, lichemshe maji na mvuke uzungushe mashine ya kufua umeme, ni habari nyingine. Kule Ouarzazate, Moroko, awamu ya kwanza ya mradi wa Noor, ya megawati 160, iliyofunguliwa 2016, ilijengwa kupozwa kwa maji kutoka bwawa la karibu. Awamu mbili zilizofuata zikajengwa kupozwa kwa hewa. Kwa paneli za kawaida zipo pia mashine za brashi zinazofagia vumbi bila maji, na nchi za Ghuba zinazitumia sana. Dai kwamba jangwani lazima kuoshwe kwa maji msilikubali. Na kama lazima yatumike, wekeni mita kwenye kisima na kiwango cha juu kwa mwezi. Vijana wenu wenyewe wapime kina cha visima vya karibu kabla mradi haujaanza, waandike tarehe. Msipokuwa na kipimo cha mwanzo, hamtakuwa na la kulinganisha maji yakishuka.

Sasa laga, yaani mikondo ya mito ya msimu ambayo kiangazi huwa mikavu. Wachoraji wa ramani wengi huja kiangazi, wanaona mchanga mkavu, wanadhani ni uwanja. Sisi tulipitisha uzio wa waya katikati ya laga moja. Mvua ya Aprili ilileta magogo, miiba na mizoga ya mbuzi wawili, vyote vikanasa kwenye waya, uzio ukageuka bwawa. Maji yakatafuta njia pembeni, yakachimba korongo refu kuliko mtu, yakakata njia ya ngamia kwenda kisimani. Tulilipa fidia ya mbuzi. Korongo lipo mpaka leo. Tembeeni na mpima ardhi, wazee watangulie, kila laga na kila njia ya mifugo iwekwe kwenye ramani, na uzio usimame mbali na kingo.

Mathenge mnaijua, ule mti wa miiba uliotoka ng'ambo na kuvamia malisho. Inapenda udongo uliochokorwa, na mbuzi hueneza mbegu zake kwa kinyesi. Kwetu ilianza kwenye mashimo tuliyochota kifusi cha barabara. Mkandarasi afukie mashimo yote, na kung'oa miche kuwe ndani ya mkataba wake, si kazi ya kujitolea ya kijiji.

Ndege: hatari kubwa kwenu ni laini ya umeme kuliko paneli. Tandawala, yule ndege mkubwa wa nyikani anayetembea zaidi chini, ni mzito na haoni vizuri kilicho mbele yake akiwa anaruka, hugonga nyaya mchana kweupe. Kule India jambo hilo lilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2021 ikaamuru nyaya zipitishwe chini ya ardhi katika makazi ya tandawala wao walio karibu kutoweka. Amri ililegezwa 2024, lakini imeonesha uzito wa jambo. Angalau dai vining'inizo vya kuonesha nyaya.

La mwisho ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya Kenya ya 2016 inasema makubaliano na mwekezaji hayana nguvu mpaka yapitishwe na theluthi mbili ya watu wazima kwenye mkutano wa jamii ulioitishwa kwa ajili hiyo. Saini za wazee watano hotelini hazitoshi. Msidhani pia kwamba mradi ukishasimama maswali haya hufa: mitambo 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana ilianza kuingiza umeme kwenye gridi 2018, na Oktoba 2021 mahakama kule Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ile, ekari 150,000, zilitolewa kinyume cha utaratibu. Mabishano yaliendelea baada ya hapo. Mkataba useme pia nani ataondoa paneli baada ya miaka 25 na fedha za kazi hiyo zinawekwa wapi tangu sasa.

Umesema mkutano wenu ni mwezi ujao. Ukiipata ramani ya mkandarasi, iweke hapa hata kwa picha ya simu, ukitaja laga zinapopita na visima vilipo. Nitaipitia mstari kwa mstari, na nadhani humu wapo wahandisi ambao watasaidia kwenye upande wa nguzo.